Grisham, huyu Mitch wako mbona hatumjui?

Kwangu mimi wiki hii hapakaliki, na aliyenivuruga ni mzee mmoja wa Kimarekani ambaye hata hanijui. Anaitwa John Grisham. Kama humfahamu kwa jina basi kazi zake umeziona: ile sinema ya Tom Cruise anakimbia na mkoba mitaa ya Memphis, ile ya Julia Roberts na Denzel Washington, na ile ya Samuel L. Jackson anawamiminia risasi wabakaji wa binti yake palepale kwenye jengo la mahakama. Zote zimetoka kwenye kalamu yake.

Sasa huyu bwana katuangusha. Na ninaposema katuangusha namaanisha kishindo kilisikika mpaka mtaa wa pili. Mwezi Oktoba 2023 alitoa kitabu kinaitwa The Exchange, na pale kwenye jalada wakaongeza maneno ya kutujulisha kwamba hii ni habari ya baada ya The Firm. Jamani! Ukimwambia mtu wa Grisham neno hilo ni sawasawa na kumwambia mpenzi wa Willy Gamba kwamba umeokota kabatini mswada ambao marehemu Elvis Musiba hakuwahi kuupeleka kiwandani. Mtu atauza kiatu.

Twende taratibu ili na wale wa sinema tu tusiwaache njiani.

The Firm ilitoka mwaka 1991. Kijana mmoja, Mitch McDeere, katoka ukoo wa walalahoi. Kaka yake mmoja alikufa vitani Vietnam, mwingine, Ray, yuko jela. Mitch kajikongoja hivyohivyo mpaka chuo cha Harvard, kasoma sheria, katoka na matokeo ya kutisha, ana mke mrembo anaitwa Abby na ana madeni ya shule yanayomkaba koo. Mara kampuni moja ya mawakili ya Memphis inamwita. Mshahara mnono kuliko wote alioahidiwa kwingine. Gari BMW, chagua rangi. Mkopo wa nyumba kwa riba chee. Madeni ya shule usijali, tutalipa sisi. Kijana anaingia mzimamzima. Kumbe kampuni ni ya Mafia wa Chicago, nyumba yake imetegwa vinasa sauti hadi chumbani, na mawakili waliowahi kutaka kuondoka waliondoka kweli, ila ndani ya majeneza.

Wakati huohuo FBI nao wanambana. Toa siri za wateja wako, la sivyo siku tukiwakamata hawa na wewe unakwenda nao. Akitoa siri, anavunja kiapo cha uwakili na leseni inapotea. Asipotoa, jela. Na Mafia wakijua anaongea na FBI, hiyo jela ataitamani. Huko kote katundikwa kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye kosa lake ni kwamba alikuwa na shida na kazi ikaja.

Unaona ilivyotugusa? Kijana yeyote wa mjini aliyewahi kuzungusha bahasha za kaki maofisini anaijua hofu hiyo. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikazunguka na vyeti vyangu mpaka soli ikatoboka, na siku moja nikaitwa mahali fulani nikaambiwa kazi ipo, mshahara mzuri, chakula cha mchana bure, ila kitambulisho chako tukihifadhi sisi na usiulize mizigo ina nini. Nilitoka mbio. Sikuwa nimesomea sheria, nilikuwa nimesoma The Firm. Mshahara ukizidi sana kipimo cha kazi, kuna mtu pembeni anaandaa jeneza. Hilo kanifundisha Grisham, si mwalimu yeyote.

Nakala niliyosoma ilikuwa ya mjomba. Jalada limeng'oka, na kibaya zaidi kurasa za mwisho hazimo. Fikiria mateso hayo! Nikatafuta mkanda wa ile sinema ya mwaka 1993 ili nijue mwisho, nikaona Mitch anawazidi kete Mafia kwa kutumia ankara walizowatoza wateja kupita kiasi na kuzituma kwa posta, kosa la jinai hilo, na yeye anabaki na uwakili wake safi. Nikaridhika. Miaka miwili baadaye nikapata nakala nzima pale Posta kwa wauza vitabu vya mitumba, nikakuta mwisho mwingine kabisa: Mitch, mkewe na Ray wanatorokea baharini huko visiwa vya Karibi na mamilioni ya kampuni. Yaani Hollywood walimsafisha. Yule wa kitabuni ni mkimbizi mwenye hela za wizi na maadui wasiosahau.

Shika hapo, maana ndipo palipo na mgogoro.

Habari za The Exchange zilipotufika, sisi watano wa kijiwe chetu tukachanga. Kitabu kipya cha jalada gumu si cha mtu mmoja, labda uwe na mshahara wa Mitch. Kila mtu alitoa Sh. 14,000. Kuna fundi simu, kuna dada msusi, kuna bodaboda anayesoma akisubiri abiria, kuna jirani yangu anayesoma sheria chuoni, na mimi. Tukapangiana zamu, siku nne kila mtu, marufuku kusimulia kabla wote hawajamaliza. Dada msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alikirudisha siku ya pili. Tukadhani ni utamu. Kumbe aliishia katikati, akasema hana muda wa kusoma kumbukumbu za vikao.

Tukamwona ana makusudi. Zamu zilipoisha, hakuna aliyemcheka tena.

Ndani kuna nini? Mwaka ni 2005. Mitch yuko New York, mshirika katika kampuni ya mawakili ambayo kitabuni ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Anakaa Manhattan, ana watoto pacha wa kiume, na Abby anahariri vitabu vya mapishi, kwa hiyo misosi humo ndani ni mingi sana. Kampuni moja ya ujenzi ya Kituruki imejenga daraja kubwa jangwani Libya, serikali ya Gaddafi haitaki kulipa, na Mitch ndiye wakili wa kudai. Anakwenda Tripoli, anaugua ghafla, anaishia hospitali. Wakili mwenzake kijana, Giovanna, binti wa rafiki yake mkubwa wa Roma, anakwenda kulikagua daraja bila yeye. Anatekwa nyara, walinzi wanauawa. Watekaji wanataka dola milioni 100.

Hebu niambie, hapo si patamu? Nikajipanga kitandani. Libya ya 2005 ni mahali pa hadithi hasa: vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilikuwa vimeondolewa 2003, makampuni ya kila rangi yanamiminika, na Gaddafi huyu si mgeni kwetu, si ndiye yule mwenye msikiti wake pale Dodoma. Nikasema leo nitapelekwa Tripoli.

Sikupelekwa. Nilipelekwa kwenye ndege. Mitch anaruka kwenda Roma, anaruka London, anarudi New York, anaruka tena, na kila anakotua kuna kikao cha kutafuta hizo milioni 100. Serikali hii itoe kiasi gani, serikali ile itoe kiasi gani, washirika wa kampuni watakubali kukopa au watabana. Giovanna mwenyewe, ambaye ndiye roho ya kisa, tunamwona kwa kuibiwa. Msichana yuko gizani, hajui kesho yake, na sisi tumekaa na wazee wenye tai wanaojadili mgao! Yule bodaboda alisema vizuri: huu ni mchango wa harusi, kasoro kadi tu.

Na sheria iko wapi? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Jamani, mtu anamfungua Grisham ili aione sheria ikipigana. Kwetu hapa hakuna juri, kesi anaamua hakimu au jaji, kwa hiyo zile mahakama zake za Mississippi kwetu zilikuwa kama uwanja wa mpira: watu kumi na wawili wa kawaida wameokotwa mitaani, muuza duka, mama wa nyumbani, mstaafu, na wakili anahangaika kumjua yupi ana huruma na yupi ana roho ya korosho. The Runaway Jury ya 1996 nzima inahusu juri tu, watu kumi na wawili na kampuni ya sigara, na haikuniruhusu kulala. Hata kwenye The Firm, ambayo kesi yenyewe haisikilizwi mahakamani, sheria ndiyo kamba iliyomfunga Mitch na ndiyo kisu cha kukatia. Kile kiapo cha siri ya mteja kilikuwa kinamwuma kila ukurasa.

Kwenye The Exchange, Mitch angeweza kuwa mhasibu, balozi, hata katibu wa kamati ya mazishi, na hadithi isingebadilika. Hakuna mahali uwakili wake unamponza au kumwokoa. Kile kidai cha daraja kinakwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa huko pembeni, sisi tunasikia habari zake kama matokeo ya ligi ya nchi nyingine.

Jirani yangu wa sheria alimtetea. Akasema kazi halisi ya mawakili wakubwa ndiyo hiyo, simu, ndege na vikao, na kwamba zile mbwembwe za mahakamani ndizo uongo. Inawezekana. Lakini sikuchanga elfu kumi na nne yangu ili nione kazi halisi ya mawakili wakubwa. Ningetaka hiyo ningekwenda kukaa mapokezi kwao bure.

Fundi simu naye kaja na hoja nzito zaidi, na kijiwe kiligawanyika usiku huo. Aliuliza: huyu ni Mitch yupi? Wa kitabu au wa sinema? Kwa sababu yule wa kitabu alikimbia na hela za Mafia. Mtu wa namna hiyo, miaka kumi na mitano baadaye, anavaa suti Manhattan jina lilelile, watoto wanakwenda shule, na usingizi anaupata? Kitabu kinapita hapo kama daladala iliyojaa kituoni, inapunguza mwendo, inapiga honi, inaondoka. Mafia wale wanatajwa kidogo, basi. Mitch anarudi Memphis mwanzoni, mji uliotaka kumuua, na unategemea mapigo ya moyo. Wapi! Anakwenda kwa ajili ya mfungwa anayesubiri kunyongwa, na jambo hilo nalo linakwisha mapema kabla hata hujalizoea.

Ile kesi ya mfungwa ingekuwa kitabu, nakuapia. Hilo ni eneo la Grisham mwenyewe, analijua mpaka mvunguni. Mwaka 2006 aliandika The Innocent Man, habari ya kweli ya Ron Williamson wa mji wa Ada, Oklahoma, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mwaka 2024, mwaka mmoja tu baada ya kutuuzia hiki, yeye na Jim McCloskey wametoa Framed, visa vya kweli vya watu waliofungwa bila hatia. Kwa hiyo moto upo! Mzee hajachoka na haki. Kachoka na Mitch.

Na Mitch naye, tuseme ukweli, kachosha kwa sababu hana cha kupoteza. Yule kijana wa 1991 angepoteza leseni, mke, kaka, uhai. Huyu wa sasa mambo yakiharibika sana atapata aibu kwa rafiki yake wa Roma na kampuni itapungukiwa akiba. Watekaji wanamfuata Abby, sawa, kuna mwanamke wa ajabu anajitokeza na simu na masharti, na hizo ndizo kurasa zilizonifanya nikae wima. Lakini hata hapo unajua tu kwamba nyuma yao kuna walinzi, ndege ya kukodi na akaunti. Msomaji aliyepanga chumba kimoja Manzese amwogopee vipi mtu huyo?

Wapo watakaosema kurudia wahusika wa zamani ndiyo kosa. Sikubali, na ushahidi ninao. Mwaka 2013 Grisham alimrudia Jake Brigance, wakili wa A Time to Kill, kwenye kitabu kinaitwa Sycamore Row. Mzungu tajiri, Seth Hubbard, anajinyonga, kaacha wosia wa mkono unaowanyima watoto wake na kumpa karibu mali yote mama mweusi aliyekuwa mfanyakazi wake wa ndani. Basi. Hakuna ndege, hakuna Gaddafi. Karatasi moja tu na mji mdogo wa Mississippi, na swali moja: kwa nini? Ukifika kwenye jibu, linalohusu ardhi na damu ya zamani, unafunga kitabu na kuangalia ukuta. Na Jake ni yuleyule: hana hela, nyumba yake ilichomwa kwenye kesi ya kwanza na bado anasumbuana na bima. Grisham alimwacha na njaa yake, kwa hiyo tukamfuata.

Sasa kwa nini Mitch kamnenepesha hivi? Nina dhana yangu. Huyu bwana ni mtu wa ratiba. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba huanza riwaya mpya Januari Mosi na kulenga kuimaliza kufikia Julai, na tangu The Firm hakuna mwaka uliopita patupu kwa miaka mingi. Kufanya hivyo zaidi ya miaka thelathini si mchezo, hata mimi wa safu ya kila wiki najua jasho lake. Ila zamani haikuwa hivyo. A Time to Kill ilimchukua miaka mitatu, akiamka alfajiri kabla ya kwenda kwenye kiofisi chake cha uwakili mjini Southaven, baada ya kumsikia mahakamani binti mdogo aliyebakwa akitoa ushahidi. Wachapishaji wengi walimkatalia. Kilipotoka 1989 nakala zilikuwa 5,000 tu, na yeye mwenyewe alinunua 1,000 akawa anazitembeza kama machinga. Kitabu cha mtu mwenye shida kinanuka shida, na hicho unakinusa mpaka leo.

Usinielewe vibaya, The Exchange ilinunuliwa kama maandazi na wapo wanaoipenda. Mama mmoja ninayemheshimu aliniambia imemstarehesha safari nzima ya basi kwenda Mwanza. Ni kweli, lugha yake nyepesi, sura fupifupi, haikuchoshi macho. Lakini shangazi, basi la Mwanza hata gazeti la juzi linastarehesha.

Kijiwe kimeniagiza niseme na hili: hatujamtaliki. Kama wewe hujawahi kumsoma usianzie hapa ukadhani sisi wengine tulirogwa. Anza na The Rainmaker ya 1995. Rudy Baylor, wakili ambaye wino wa cheti haujakauka, mfukoni hana kitu, kesi yake ya maana ni moja tu: kijana anakufa kwa saratani ya damu kwa sababu kampuni ya bima imekataa kulipia matibabu, ingawa mama yake alilipa ada bila kukosa. Siendelei. Ukimaliza hicho nenda A Time to Kill, halafu Sycamore Row, kwa mpangilio huohuo. The Firm unaweza kuisoma wakati wowote, hasa wiki ambayo umeitwa kwenye usaili na mshahara unakushangaza.

Na kama nyumbani kwenu kuna The Rainmaker imekaa tu inaliwa na mchwa, sisi tunayo The Exchange, jalada gumu, safi kabisa, nusu ya pili haijasomwa na wengi. Njoo kijiweni tubadilishane. Yako hata ikiwa haina jalada tunapokea. Ila kurasa za mwisho ziwemo.